Kufuli la programu lisimfungie nje aliyekimbia vita

MUMOSHO, Kabare – Programu za simu za mkononi sasa zinauzwa mpaka vijijini. Mwanafunzi wa mwaka wa sita anatafuta maswali ya mitihani ya serikali ya miaka iliyopita. Mama wa biashara anataka daftari la madeni ndani ya simu. Baadhi ya programu hizo ni za bure, nyingine zinalipiwa, na nyingi zinazolipiwa zimetiwa kufuli ndani yake ili asiyelipa asiingie. Wataalamu huliita jambo hili usimamizi wa haki za kidijitali. Kwa mtu wa kawaida, ni kufuli.

Mwenye kutengeneza programu ana haki ya kulipwa kwa jasho lake, na kumwekea kufuli mwizi si dhambi. Tatizo ni kwamba kufuli nyingi zilichorwa mbali sana, zikimfikiria mtu mwenye mtandao kila saa, umeme kila siku, simu yake peke yake na makazi yasiyobadilika. Zikifika Kivu ya Kusini, kwa familia iliyokimbia na simu moja na mtoto mgongoni, zinamwadhibu aliyelipa. Vijana wa Bukavu wanaojifunza kuandika programu wanaweza kufanya vizuri zaidi ya hapo, na wakati wa kuanza ni sasa, kabla mazoea mabaya hayajakauka kama saruji.

Kufuli hili linafanya kazi namna gani

Waliokuwa na simu za vibonye miaka ya 2000 watakumbuka. Mtu alinunua wimbo au mlio wa simu, akataka kumtumia rafiki kwa Bluetooth, simu ikakataa. Wimbo uko ndani, unasikika, lakini hautoki. Hiyo ilikuwa kanuni ya shirika la Open Mobile Alliance, lililoundwa mwaka 2002 na makampuni ya simu duniani. Kufuli lao la kwanza lilikuwa rahisi kabisa: lilikataza kupitisha kitu kwa mwingine, basi.

Simu za kioo zilikuja na kufuli lenye maswali. Mwaka 2010 Google iliwapa watengenezaji wa programu za Android njia ya kuuliza seva yake: huyu mtu amelipa au hakulipa? Seva ikijibu ndiyo, programu inafunguka. Ikijibu hapana, programu inajifunga. Na jibu lisipopatikana kabisa kwa sababu hakuna mtandao, mwenye programu ndiye aliyekwisha kuamua mapema nini kitatokea. Wengi huamua kufunga.

Kuna pia kufuli la simu yenyewe. Nchini Kenya, kampuni ya M-KOPA ilianza mwaka 2012 kukopesha taa za sola ambazo mtu hulipa kidogo kidogo, na zisipolipiwa zinazimwa kutoka mbali. Baadaye ikahamia kwenye simu. Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha huko huko Kenya mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: simu ya kioo kwa malipo ya shilingi 20 za Kenya kwa siku, na mteja asipolipa simu inafungwa mpaka alipe. Watu wengi wasingepata simu bila mpango wa namna hiyo, na hilo lazima lisemwe kwa haki. Lakini pia ni simu ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mwingine.

Aina zote hizi zinarudi kwenye swali moja: nani anashika ufunguo, na inakuwaje siku ambayo mshika ufunguo hapatikani?

Haki ya aliyetengeneza

Chukua mfano wa kijana aliyesoma informatiki Bukavu. Anakaa miezi sita akikusanya maswali ya mitihani ya serikali, anaandika majibu na maelezo kwa Kifaransa na Kiswahili, anatengeneza programu na kuiuza kwa franga 2,000. Mnunuzi wa kwanza anaipitisha kwa Xender kwa darasa zima. Kabla ya jua kuzama imeingia katika simu 50. Kijana amepata franga 2,000 kwa kazi ya miezi sita. Mwaka unaofuata hasahihishi makosa, haongezi maswali mapya. Anaweka mwavuli na meza barabarani, anauza uniti. Hasara hiyo haibaki kwake peke yake: wanafunzi waliofuata wamekosa kitabu.

Sheria ipo. Sheria ya haki za watunzi ilitiwa sahihi tarehe 5 Aprili 1986, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire. Tarehe 13 Machi 2023 ikaja sheria ya mambo ya kidijitali, inayogusa biashara ya mtandaoni, sahihi za kielektroniki, habari za siri za watu na usalama wa mitandao. Lakini nani atakwenda mahakamani kwa ajili ya franga 2,000? Nauli ya pikipiki kwenda na kurudi peke yake inazidi kesi yenyewe. Ndiyo maana watengenezaji wanatumia kufuli: linafanya kazi ambayo hakimu hawezi kuifanya kwa bei hiyo. Anayesema kila kitu kiwe bure aeleze kwanza kijana huyo atakula nini.

Vita vinavyoligeuza kufuli kuwa adhabu

Sasa lichukue kufuli hilo hilo ulilete kwenye maisha ya hapa.

Mtandao. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini Kongo kwa siku kama 20 mfululizo. Programu inayodai kuongea na seva yake kila wiki ingekufa mara mbili ndani ya muda huo, hata kwa mtu aliyelipa kila kitu. Na hapo hazijahesabiwa siku za kawaida za milimani, ambapo mtu hupanda kilima kutafuta alama mbili za mtandao.

Umeme. Mto Ruzizi unapita hapa chini, na bwawa la Ruzizi ya pili linatoa umeme kwa nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi. Hata hivyo katika nyumba nyingi za vijijini simu huchajiwa kwa jirani mwenye sola, kwa malipo. Simu inayozimwa siku tatu ili kulinda chaji si simu ya mwizi.

Namba. Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, maelfu ya watu walivuka Ruzizi kuingia Burundi, wengi wakajikuta katika uwanja wa Rugombo, mkoani Cibitoke. Mtu akiwa huko ananunua laini ya Burundi ili asikie habari za waliobaki. Programu nyingi za kulipia, akiingia upya, zinatuma namba ya siri kwenye laini ya zamani ya Kongo. Laini hiyo haishiki mtandao tena, au ilibaki ndani ya simu iliyoporwa njiani. Namba ya siri haifiki. Kwa seva, mtu huyo si mteja tena.

Simu moja, watu wengi. Kufuli la kawaida linahesabu mtu mmoja, simu moja. Kwa familia ya watu nane iliyopokelewa na wenyeji katika chumba kimoja, simu ni ya baba asubuhi, ya mama mchana, na jioni ni shule ya watoto watatu. Simu hiyo ikiuzwa ili kununua unga, masomo yaliyolipiwa yanakwenda nayo.

Malipo. Bukavu ilipoingia katika hali hiyo mwaka 2025, mabenki yalifunga milango. Waliokuwa na deni la simu au la sola hawakukataa kulipa. Njia ya kulipa ndiyo iliyokatika. Mashine haijui tofauti ya mtu anayekwepa deni na mtu anayekwepa risasi. Tofauti hiyo lazima iandikwe ndani yake na binadamu, mapema.

Kufuli likizidi ukali, nani anafaidika? Mtu aliyefungiwa nje ya kitu alichokilipia hakai kusubiri. Anakwenda kwa fundi wa barabarani aiflashi simu, au anapokea kwa Bluetooth nakala iliyovunjwa kufuli. Nakala hiyo haijulikani imepita mikononi mwa nani. Inaweza kubeba programu nyingine inayosoma SMS na kunusa namba ya siri ya pesa za simu. Hivyo kufuli lililotengenezwa kuzuia wizi linampeleka mteja mwaminifu mpaka mlangoni kwa mwizi, na mwenye programu halisi hapati hata franga moja.

Somo la RAM

Wakaaji hawajasahau RAM. Septemba 2020 serikali ilianzisha daftari la simu za mkononi, likisimamiwa na mamlaka ya mawasiliano, ARPTC. Kila simu ina namba yake ya tarakimu 15, ile inayoonekana mtu akibonyeza *#06#, na daftari hilo lilipaswa kusaidia kuzitambua simu bandia na za wizi. Lakini alichokiona mwananchi ni uniti zikipungua: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo, dola 7 kwa simu ya kioo. Kelele zilikuwa kubwa, kutoka kwa vijana wa LUCHA mpaka ndani ya bunge, na mwanzoni mwa 2022 makato hayo yakafutwa.

Nchi jirani zilikuwa zimekwisha kwenda mbali zaidi. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016. Katika nchi hizo watu walitangaziwa tarehe mapema, wakapewa njia ya kuangalia simu zao kabla. Kwa RAM, wengi walijua baada ya uniti kukatwa. Anayeweka kufuli ndani ya programu ajifunze hapo. Kufuli ambalo mteja analigundua baada ya kutoa pesa linamfanya ajione ameibiwa, hata kama karatasi zote ni za halali.

Kufuli linalofaa lichorwe namna gani

Kwanza, lifanye kazi bila mtandao. Hilo linawezekana. Fikiria muhuri wa mkuu wa grupma. Kila mtu anayeona barua anaweza kuutambua muhuri, lakini anayeweza kuugonga ni mmoja tu. Kompyuta zina muhuri wa namna hiyo kwa hesabu. Programu inabeba ndani yake uwezo wa kuutambua muhuri wa muuzaji, wala haihitaji kumpigia simu. Mteja akilipa, anapewa cheti kifupi kilichogongwa muhuri huo, kinachosema: simu hii, programu hii, mpaka tarehe hii. Cheti hicho kinatosha ndani ya SMS moja ya herufi 160. Hakuna mega inayohitajika. Watu wa sola wamekwisha kuthibitisha kwamba njia za namna hii zinakwenda: taa nyingi za mkopo hufunguliwa kwa tarakimu ambazo mteja anazibonyeza mwenyewe, na kampuni ya Solaris Offgrid imeutoa wazi mfumo wake wa tarakimu, OpenPAYGO, ili yeyote autumie. Muda wa cheti usiwe wiki moja. Nchi iliyokaa siku 20 bila intaneti inastahili angalau miezi mitatu.

Pili, haki imfuate mtu na familia yake, isigandamane na chuma. Programu iuzwe kwa kadi ya kukwangua yenye namba, na mnunuzi achague neno lake la siri. Kwa namba hiyo na neno hilo, familia ipate vyeti vya simu tatu kwa mwaka. Simu ikiporwa, mama aliye Rugombo anatuma SMS kwa laini yoyote, au anamwomba ndugu aliyebaki Bukavu amtumie, na cheti kipya kinarudi. Muuzaji anabaki na ulinzi wake: hesabu ni tatu, haziwi 50. Je, wapo watakaowapa jirani cheti cha tatu? Wapo. Mchuuzi wa nyanya naye anaongeza moja juu ya fungu, na biashara haifi.

Tatu, kufuli lisishike kisichokuwa chake. Muuzaji ana haki juu ya programu aliyoiandika. Hana haki juu ya daftari la madeni ambalo mama ameandika ndani yake, wala picha, wala alama za mtoto. Muda ukiisha, aweze kuyasoma na kuyatoa aliyoyaandika, hata kama hawezi kuongeza mapya. Na simu ya mkopo ikifungwa, ibaki na uwezo wa kupiga na kupokea, kusoma SMS na kutumia pesa za simu. Kuacha namba za dharura peke yake hakutoshi. Mtu wa Mumosho akiwa hatarini usiku humpigia jirani au shemeji, na hao hawamo kwenye orodha ya namba za dharura.

Nne, mkataba wa mkopo utaje vita kwa jina. Eneo likiingia katika mapigano, au mabenki na pesa za simu zikisimama, hesabu ya siku isimame pia, bila faini na bila kuzima. Siku ya malipo ya mwisho, kufuli liondoke kabisa ndani ya simu. Lisibaki limelala likisubiri.

Tano, lisikusanye habari za watu. Jambo hili halizungumzwi, nalo ndilo zito kuliko yote. Kila mara programu inapouliza seva kama mtu amelipa, seva inaweza kuandika: simu fulani, saa fulani, kupitia mtandao wa sehemu fulani. Mwaka mzima wa maandishi hayo ni ramani ya safari za familia. Mahali ambapo watu wamelazimika kuficha walikolala, ramani hiyo ni hatari, hata kama muuzaji ni mtu mwema, kwa sababu seva yake inaweza kuibwa au kudaiwa na mwenye bunduki. Dawa ni rahisi: kisichoandikwa hakiwezi kunyang'anywa. Namba ya kadi na hesabu ya vyeti vinatosha. Jina, mahali na orodha ya marafiki hazihitajiki kuuza maswali ya mtihani.

Sita, uwepo ufunguo wa mwisho. Makampuni hufungwa, watu hufa, miradi huisha. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kutoka mbali, ndani ya vifaa vya wateja wake, vitabu vya George Orwell walivyokwisha kununua, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Pesa zilirudishwa, lakini watu waligundua kwamba kitabu walichokiita chao kinaweza kutoka nyumbani usiku. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, na vitabu vyenyewe vikaacha kusomeka. Pesa zilirudishwa pia. Hayo yametokea kwa makampuni tajiri yenye uwezo wa kurudisha. Kampuni changa ya Bukavu ikifungwa, nani atarudisha franga 2,000 kwa watu 3,000? Kwa hiyo aandike ahadi tangu mwanzo: nikiacha kazi hii, programu itafunguka kwa wote. Ufunguo huo akauweke mapema kwa mtu wa kuaminika, kama shule au parokia.

Saba, kufuli liseme lugha ya watu. Ujumbe wa kufunga ukija kwa Kiingereza kisichoeleweka, mzee anadhani simu imekufa na anaiuza kwa bei ya vipuri. Uandikwe kwa Kiswahili, na kwa Mashi inapowezekana: nini kimefungwa, kwa nini, ni franga ngapi, na nani wa kuuliza.

Wanaopinga wanasema nini

Wapo watakaosema masharti haya ni ya huruma tu, na huruma hailishi mtengenezaji. Jibu liko sokoni. Apple iliondoa kufuli kwenye nyimbo za duka lake la iTunes mwaka 2009, na watu waliendelea kununua nyimbo huko, kwa sababu kununua kulikuwa rahisi na bei haikumtisha mtu. Kufuli halijawahi kumgeuza asiye na pesa kuwa mteja. Kazi yake ni kumkumbusha mwenye franga 2,000 kwamba alipe, na kwa kazi hiyo kufuli la kadiri linatosha. Aliyenuia kuvunja atavunja hata la chuma kizito, maana simu iko mkononi mwake usiku kucha.

Wengine watasema familia za wakimbizi zitumie vya bure, basi. Vya bure vipo, na vinastahili kujulikana zaidi. Kolibri ni programu ya masomo inayofanya kazi bila intaneti, na mwalimu anaweza kuigawa shuleni kutoka kompyuta moja. Kiwix inaweka Wikipedia nzima, hata ya Kiswahili, ndani ya simu au kadi ya kumbukumbu. Hakuna anayezuiwa kuzinakili. Lakini hakuna shirika la mbali litakaloandika maelezo ya mtihani wa serikali ya Kongo, au bei za maharagwe katika soko la Kadutu, kama kijana wa hapa hakuandika. Na kijana wa hapa lazima ale. Vya bure na vya kulipia vinahitajiana. Mkimbizi naye ni mteja kama wengine, akipewa mlango unaofunguka.

Wapo pia wanaosema mambo haya ni ya Kinshasa au ya Nairobi, Mumosho ina shida kubwa zaidi. Ni kweli shida ni nyingi. Lakini familia iliyopoteza shamba, nyumba na ng'ombe, mara nyingi imebaki na kitu kimoja cha thamani kinachoingia mfukoni. Ndani ya simu hiyo kuna namba za ndugu, pesa kidogo, masomo ya watoto, na picha ya nyumba iliyochomwa ambayo siku moja inaweza kuwa ushahidi. Kuuliza nani ana ufunguo wa simu hiyo ni kuuliza nani ana ufunguo wa nyumba iliyobaki.

La kufanya kuanzia sasa

Walimu wa informatiki katika vyuo vya Bukavu wanaweza kuliweka jambo hili darasani: kila mwanafunzi anayetengeneza programu ya kuuza ajibu kwa maandishi nini kitatokea mteja akikosa mtandao siku 90, akipoteza laini, au akivuka mpaka. Watu wa sheria na shirika la raia wanaweza kudai kwamba mkataba wa simu au sola ya mkopo usomwe kwa Kiswahili mbele ya mteja kabla hajatia sahihi. Redio za jamii zinaweza kuyapa maswali haya dakika kumi kwa juma, maana wengi huyasikia kwa masikio kabla ya kuyasoma kwa macho.

Na mnunuzi naye asikae kimya. Mbele ya kambisti au kwenye duka la simu, kabla ya kutoa pesa, maswali manne yanatosha. Hii itafanya kazi bila mtandao kwa muda gani? Simu ikipotea, nitaipataje tena? Nikichelewa kulipa, nini kitafungwa na nini kitabaki wazi? Nikimaliza kulipa, kufuli linaondoka? Muuzaji anayejibu yote manne bila kigugumizi anastahili franga zake. Asiyeweza kujibu, mteja arudishe pesa mfukoni na aende meza inayofuata.